Nguo ya Betri

Watu wakiniuliza kwa nini tulihamia Gitega ya Kigali, mahali ambapo nyumba zimebanana na mvua ikinyesha maji ya jirani yanapita sebuleni kwako bila hodi, huwa nawaambia ni kwa sababu ya ukaribu wa soko. Huo ni uongo wa heshima. Tulihamia kwa sababu ya mteremko. Mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa ambayo haikuwaka kwa ufunguo, na alipoona jinsi njia inavyoshuka kutoka mlangoni hadi barabara ya chini, alilipa kodi kabla hajaangalia kama paa linavuja. Lilikuwa linavuja.

Namna ya kuliwasha gari lile ilikuwa hii. Jioni aliliegesha likitazama chini, nami naweka jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi naliondoa jiwe, naruka ndani, gari linaanza kujiendea lenyewe kimya kimya, na tukikaribia kwa muuza mkaa anaachia klachi, gari linakohoa mara mbili tatu, linawaka. Jiwe hilo halikuwa la kuokota njiani. Lilikuwa letu, tulikuja nalo kutoka nyumba ya zamani, na lilisafiri chini ya kiti upande wangu. Mimi ni fundi cherehani, niliolewa na mfanyabiashara wa vitambaa, na watu walidhani nitakula raha ya gari. Kumbe nilipewa kazi ya utingo.

Kwa bahati nzuri Kigali ni vilima juu ya vilima, kwa hiyo maisha ya namna hiyo yaliwezekana. Tulisali kwenye msikiti wa mteremko. Tulitibiwa na daktari wa mteremko, ingawa tulijua yuko mwingine bora zaidi. Mume wangu alikuwa na binamu mmoja aliyejenga juu kabisa ya kilima, mtu mchoshi asiyejua kunyamaza, na tulimtembelea huyo mpaka yeye ndiye aliyeanza kutuchoka. Tukiingia mtaa mgeni, wanaume wengine wanatazama nyumba au wasichana. Wangu alitazama ardhi.

Ndipo lilipo jambo lenyewe, kwa sababu dada yangu mkubwa aliishi Gikondo, chini kabisa, upande wa maghala, kwenye uwanja uliolala kama meza. Alikuwa mjane. Aliishi kwa mgahawa mdogo wa uani, akiwapikia maharage na ubugari, ule ugali wa muhogo, mafundi wa magereji ya pale. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado natembelea ukuta, na dada ndiye aliyenilea, akanisomesha cherehani, akanioza. Katika dunia hii sikuwa na mtu mwingine wa kumwita mama.

Mimi nilikwenda kwake kila nilipopata nafasi, kwa taksi au kwa miguu. Mume wangu hakwenda. Gari lingefika, hilo ndiyo, lakini lingebaki huko. Nilimwomba tuliache juu barabarani tushuke kwa miguu. Akanijibu kwamba mtu anayejulikana ana gari, akifika kwa miguu ataulizwa gari liko wapi, na akishaulizwa itabidi ajibu. Na kujibu ndiko alikokuwa hataki. Alinikataza kabisa kumwambia mtu yeyote kwamba gari haliwaki, hata dada yangu, kwa sababu mfanyabiashara akisikika gari lake limekufa, kesho yake wataambizana na duka nalo lipo mahututi.

Basi nikawa mjumbe wa visingizio. Nikifika kwa dada namwambia shemeji yako amepata mzigo, shemeji yako ana wageni, shemeji yako ana kifua. Dada alinisikiliza huku akichambua mchele, bila kuinua macho. Wateja wake walikuwa wamemwona shemeji mwenye kifua akipita barabara ya juu na gari limejaa vitambaa, mkono nje ya dirisha. Mwishowe alijitafutia maelezo yake mwenyewe, na ukweli ni kwamba yalikuwa na akili kuliko yangu. Huyu mwanamume anamdharau. Hawezi kukaa kwenye benchi ambalo limekaliwa na watu wenye girisi.

"Bwana yako iko na madharau," aliniambia siku moja, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Iliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Sasa nieleze ugonjwa wa gari. Haukuwa injini, injini ilikuwa na afya njema. Ilikuwa betri, na wala si betri yenyewe, bali vile vichwa vyake viwili vya madini ya risasi ambako nyaya zinabanwa. Viliota unga. Mwanzoni ulikuwa mweupe na mchache, kama chumvi iliyomwagika. Baadaye ukaingia ukijani, ukapanda juu ya vibano, mpaka huoni tena chuma kiko wapi. Umeme ulikuwa ndani ya betri na haukuwa na pa kupitia.

Mtu mwingine angeuosha ule unga. Mume wangu alikuwa mtu wa vitambaa, na watu wa vitambaa wana imani moja kuhusu uharibifu wa vitu: kila kinachoharibika kimeharibiwa na vumbi, na dawa ya vumbi ni kufunika. Redio yetu ilikuwa na kitambaa chake. Viti vilikuwa na vitambaa vyao. Akaja na vipimo vya betri kwenye kipande cha kamba, akaniambia niishonee nguo.

Nilishona. Ya kwanza ilikuwa ya marekani, nyeupe, na haikupita muda mrefu ikatoboka matundu matundu. Akalaumu marekani, akasema vitambaa vya siku hizi ni vya hovyo, naye ndiye aliyekuwa akiviuza. Tukapanda cheo hadi kaki. Kaki nayo ikaliwa. Nikamwambia naona kama matundu yanaanzia ndani kuelekea nje, si kutoka kwenye vumbi. Akanikumbusha kwamba mimi ni fundi wa nguo, si fundi wa magari, kana kwamba mmoja wetu pale alikuwa fundi wa magari. Chini ya ile nguo, kwenye unyevu na joto lisilotoka, unga ulistawi kama ukungu chini ya godoro. Hakuwahi kuuona ukistawi, maana faida ya kufunika kitu ni kwamba huna haja tena ya kukitazama.

Mwaka wa tisini na tatu, kiangazi, binti wa pekee wa dada yangu akachumbiwa na kijana wa Busanza. Wakati huo watu walikuwa wanaambiana vita vimekwisha, na kila aliyekuwa na sherehe aliyoiweka kiporo aliitoa. Dada aliniita, akanikalisha, akanipa ujumbe niupeleke kwa mume wangu neno kwa neno. Baba wa mtoto hayupo. Shemeji ndiye mwanamume mwenye gari katika ukoo huu uliobaki. Siku ya harusi atakuja na gari lake hadi mlangoni, atakaa mahali pa baba, na alasiri atampeleka bibi harusi na vyombo vyake Busanza.

"Na kama hatakuja," akaniambia, "na wewe usikuje tena. Nimechoka kupokea weye na uongo mu mfuko."

Nililia njia nzima kurudi Gitega. Nilimjua dada yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudishi.

Mume wangu aliusikiliza ujumbe, akatoka kwenda kulitazama gari. Nilimsihi alipeleke kwa fundi yeyote wa Gikondo. Akakataa. Mafundi wa Gikondo wanakula wapi mchana? Kwa dada yako. Kabla ya maharage kuiva habari itakuwa mezani. Akazunguka siku kadhaa na uso wa mtu anayepiga hesabu, kisha akaja na ufumbuzi, na sijawahi kumwona amefurahi vile. Ataenda. Atafika mlangoni kabisa. Ila hatazima injini.

Petroli wakati ule ilikuwa inatafutwa kama dawa, lakini aliipata, akaiweka kwenye madumu. Nami nikiwa kwenye cherehani, nikimalizia sare ya wanawake wa upande wa bibi harusi, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, akaja akaokota kipande kilichobaki. Akauliza kama kinanitosha kwa ile kazi. Sikumuuliza kazi gani. Nikaishonea betri nguo ya harusi, na kwa kuwa ilikuwa sherehe nikaitia na lastiki.

Siku ikafika. Asubuhi ile ilikuwa ya kusaba, yaani kumwomba msichana kwao, na anayejua kusaba kwa Wanyarwanda anajua kwamba watu hawaendi kwa ajili ya chakula. Wanakwenda kusikiliza. Pande mbili zinakaa zikitazamana chini ya turubali. Msemaji wa wageni anajifanya amepotea njia, msemaji wa wenyeji anajifanya hajawahi kuwa na binti katika nyumba hii, na hapo wanarushiana maneno matamu kwa saa nyingi mpaka msichana apatikane. Ni mchezo wa masikio. Ukikosa neno moja umekosa kicheko.

Na hapo mlangoni, hatua chache kutoka kwenye turubali, pikapu yetu ilikuwa inanguruma na bomba lake lililotoboka. Mume wangu alikaa nyuma ya usukani, amevaa kanzu mpya, mguu kwenye mafuta, akimtabasamia kila aliyemtazama. Kiti cha baba kilikuwa wazi.

Msemaji wa wageni, mzee mmoja mwembamba wa Busanza, alijitahidi kupaza sauti. Kisha akauliza kwa upole kama wenyeji wana mashine ya kusaga, maana yeye ana mahindi nyumbani. Watu wakacheka. Moshi ukaingia chini ya turubali. Akaongeza kwamba amewahi kufukuzwa ugenini kwa namna nyingi, lakini ni mara ya kwanza kuona wenyeji wanamwashia mgeni gari kabla hajaketi. Waliocheka sasa walikuwa wachache. Dada alikuwa ameketi pembeni yangu. Hakunitazama. Alikuwa anavuta uzi mmoja kwenye sare niliyomshonea, anauvuta, anauvuta, mpaka upindo ukaanza kuachia. Nilitamani ardhi inimeze na jiwe langu.

Msemaji wetu alikuwa mjomba, mtu mkali, anayeamini kwamba maneno yake ni mali. Alikuwa katikati ya sentensi. Akanyanyuka nayo sentensi ile ile, akatembea hadi kwenye gari, akaingiza mkono dirishani, akazima, akautia ufunguo mfukoni mwa kanzu, akarudi akiwa bado anasema. Kukawa na kimya kizuri ajabu. Ndege wakasikika. Wote wakashusha pumzi isipokuwa sisi wawili, mimi kwenye kiti changu na mume wangu nyuma ya usukani, ambaye alibaki akiushika kwa mikono miwili mpaka kusaba kukaisha, ng'ombe wakakubaliwa, watu wakala, na shehe akafungisha ndoa. Nilimpelekea sahani. Akasema hana njaa.

Alasiri bibi harusi akatoka akilia kama inavyotakiwa. Vyombo vikapakiwa: godoro, sanduku, masufuria, mikeka. Mjomba akarudisha ufunguo. Mume wangu akauzungusha, na ndani ya gari kitu kikalia tik, kama mtu aliyebonyeza ulimi. Akauzungusha tena. Tik.

Vijana wakashuka kusukuma, na mashati yao meupe. Lakini uwanja wenyewe ni mfupi, vumbi limejaa, na mwisho wake ni ukuta wa ghala. Kabla gari halijashika mwendo, ukuta umefika. Wakalisukuma kwenda, wakalirudisha, mpaka mashati yakawa ya kahawia. Mume wangu akashuka, akasimama mbele ya boneti, ameipa mgongo, kama mtu anayezuia mlango.

Dada yangu akaja. "Fungua," akamwambia.

Akafungua. Na pale, katikati ya vyuma vyeusi, mbele ya ukoo mzima, betri ilikuwa imekaa imevaa sare. Buluu, ndege wa njano, lastiki. Watu walitazama betri, wakanitazama mimi, wakamtazama dada, wakarudi kwenye betri. Kisha wakacheka, na hawakucheka kidogo. Mzee wa Busanza alishikiliwa asianguke. Wengi wa waliocheka alasiri ile hawakufika kiangazi kilichofuata. Siwezi kuwataja. Ninapowakumbuka nawakumbuka hapo hapo, wamejishika mbavu.

Dada aliivua ile nguo kwa vidole viwili. Upande wa chini ilikuwa imeshaanza kuliwa. Unga ulikuwa umejaa hata vichwa havionekani, na kila mtu akawa na shauri lake. Mwaka ule kila mtu alikuwa na chama, hata betri ikapata vyama. Waliokulia Bujumbura walisema mwaga soda ya kahawia, subiri itoe povu. Mmoja aliyetoka Kongo alisema oili chafu, basi. Shangazi wa bwana harusi alisimama na kibuyu cha samli ya ng'ombe waliyoleta, akasema kitu kilichopakwa hicho hakijawahi kuharibika kwao tangu enzi za babu yake. Kidogo wapeane migongo.

Dada hakujiunga na chama chochote. Aliingia jikoni, akatoka na birika la maji ya moto, bakuli la magadi anayopikia maharage, na brashi ya kusugulia masufuria. Miaka yote mafundi walikuwa wanamwomba magadi na maji ya moto, naye huwafuata kuangalia kama wanayamaliza. Akaagiza spana, na kwa wageni wale, nusu yao wateja wake wa magereji, spana haikuchelewa. Akafungua kibano cha upande wa hasi kwanza, halafu cha pili. Akahakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, magadi yasiingie ndani. Akamwaga. Ule unga ukachemka, ukatoa povu la kijani, ukateremka. Akasugua, akasuuza, akakausha vizuri kwa ile nguo ya harusi, mpaka risasi ikang'aa. Akarudisha vibano, akakaza. Shangazi akasogeza kibuyu chake, dada akamshukuru, akasema hiyo itaita panya, akamwambia bibi harusi atoe vazelini kwenye sanduku. Dada akapaka kidogo, juu tu, baada ya kukaza. Siku hizi ni bibi kizee, anakaa kwa binti yake huko Busanza, na gari la mgeni likiingia uani anataka boneti ifunguliwe kabla ya salamu kuisha.

Nilikuwa nimemshikia birika. Alipokuwa anapaka, akaniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Miaka yote hiyo nasema iko na madharau. Kumbe ni hii bunga?"

Nikamwambia mume wangu alinikataza kusema.

Akaendelea kupaka mahali palipokwisha pakwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanadondokea kwenye injini, nami yangu yakaanza. Watu wakadhani tunamlilia bibi harusi, wakatuacha.

Mume wangu akaitwa. Akauzungusha ufunguo amefumba macho. Gari likawaka hapo hapo, bila kukohoa, kwenye ardhi iliyolala, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu aninunulie pete. Vigelegele vikapigwa. Vijana wakarukia nyuma juu ya godoro. Mume wangu akaingiza gia, uso umemjaa meno, tayari kuondoka kabla bahati haijabadili mawazo.

Dada akaenda dirishani, mikono bado ina magadi.

"Zima, shemeji."

Akamwambia tutachelewa, dada, wenzetu wanatungoja Busanza.

"Zima. Hujaingia mu nyumba yangu bado. Ingia kwanza, kunywa chai."

Mume wangu akatazama mbele, akaona ukuta wa ghala. Akatazama nyuma, kulia, kushoto, kama anavyotazama siku zote akiingia mtaa mgeni, na kote huko hapakuwa na mteremko hata wa kumteremsha kuku. Akanitazama mimi. Sikumsaidia. Injini ikanguruma kidogo zaidi, halafu mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, akazima.

Akashuka. Kwa mazoea, au kwa kuchanganyikiwa, alivuta jiwe kutoka chini ya kiti changu, akasimama nalo katikati ya uwanja uliolala kama meza, hajui aliweke wapi. Dada yangu akajifuta mikono kwenye sare. Akalipokea lile jiwe kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama inavyopokelewa zawadi ya mtu anayekuja kwako kwa mara ya kwanza, akaingia nalo ndani. Mume wangu akavua viatu mlangoni, akamfuata.